Samaki Aliyekosekana kwenye Orodha

Ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, simu ndogo ya Byabato ilipoita pembeni ya mkeka wa kahawa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mkewe Benadeta alikuwa ameibiwa siku za matibabu yake.

Byabato alikuwa amepiga magoti akigeuza kahawa juani, mikono yote imejaa vumbi. Alimwomba mgeni wake, Mama Dafroza, aibonyeze simu na kuiweka sauti kubwa. Dafroza alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mkulima wa migomba hapo Ihembe, ambaye usharika ulikuwa umemkabidhi kazi ya kuwatembelea wagonjwa. Alikuwa ameleta chupa ya uji. Akaibonyeza simu.

Sauti ya mwanamke ikajitambulisha kuwa ni muuguzi Renatha, wa wodi ya saratani, Mwanza. Hakuanza na habari za nyumbani. "Baba," aliuliza, "mgonjwa wetu yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko ndani amepumzika."

"Basi mbona Alhamisi hakuja kwenye dozi ya pili?"

Byabato alikung'uta mikono polepole. "Si ninyi wenyewe mliahirisha? Daktari Rwezaura alimwandikia kwenye simu."

Yule muuguzi aliomba jina lirudiwe. Kisha Renatha akasema kwamba katika wodi yao hapakuwa na daktari wa jina hilo, na hakuna dozi iliyoahirishwa. Alikuwa amepiga namba ya Benadeta mara sita bila kupokelewa, mpaka akaitafuta kwenye faili namba ya mtu wa karibu. Alieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuongea na watu wenye hofu, kwamba uvimbe wa titi la Benadeta ulikuwa umegunduliwa mapema na ulikuwa wa kutibika, ila dozi zina siku zake, na zikiachana sana ugonjwa unapata nafasi. Ijumaa ya wiki hii nafasi ilikuwepo. Aje Ijumaa bila kukosa.

Benadeta alikuwa amesikia yote. Alitoka mpaka mlangoni, kitambaa kichwani, simu yake kubwa mkononi, akampa Dafroza.

Huyo Dkt. Rwezaura alikuwa na picha ya koti jeupe bila uso. Alianza kuandika siku kumi na tatu zilizopita. Alitaja namba ya kadi ya Benadeta, tarehe ya dozi ya kwanza na tarehe ya pili. Karibu kila asubuhi alimuuliza amelalaje, kama kichefuchefu kimepungua, kama kidonda cha mdomoni kimepona. Jumatano iliyopita, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku moja kabla ya dozi, aliandika: "Dada Benadeta, dozi ya kesho imesitishwa. Dawa inabadilishwa. Kaa nyumbani, ule chakula nilichokuandikia, mpaka nikuite. Kuna matapeli wanaopiga simu wakijiita wauguzi. Usizipokee." Orodha ndefu ya vyakula ilifuata.

Dafroza aliiomba kadi ya hospitali ya Benadeta, ile yenye mhuri, akaipiga namba ya hospitali iliyochapwa juu yake. Ilipokelewa mapokezi, akaunganishwa wodini, na sauti iliyojibu ilikuwa ile ile ya Renatha. Kwa Dafroza jambo lilikuwa limekwisha. Kwa Benadeta halikuwa limekwisha.

"Mama," alisema Benadeta, "hata huyo wa kwanza alikuwa na namba ya kadi yangu. Alijua kidonda changu cha mdomoni. Alinijulia hali kuliko ndugu. Kama huyo ni mwongo, huyu wa leo nitamwaminije? Mimi nimechoka na sauti. Mniletee aliyeniandikia, nimwone kwa macho. Nikishamjua mwongo ni nani, nitamjua mkweli, nitapanda gari. La sivyo sitoki hapa."

Gari la Mwanza liliondoka Kayanga kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Ili awahi Ijumaa ilimbidi apande Alhamisi. Dafroza alihesabu kwa vidole: alikuwa na leo, kesho na kesho kutwa.

Alienda nyuma ya nyumba, akasimama kati ya migomba, akaomba maneno machache. Hakuomba kuonyeshwa mtu. Aliomba asimwonee mtu. Kisha akarudi, akatoa daftari lake la shule ya jioni, akaanza kuuliza.

Kadi ilikuwa inakaa kwenye kopo la bati kabatini, pamoja na Biblia na vyeti vya ubatizo. Benadeta alisema walioishika ni watatu tu. Wa kwanza mumewe. Wa pili dada yake Sperancia, wa Nyakakika, aliyempeleka Mwanza kwa dozi ya kwanza na ambaye kila Jumamosi huja kumwogesha na kumsuka roho, kama alivyosema mwenyewe, maana nywele za kusuka hazikuwepo tena. Wa tatu Cleophace, muuza dawa za mitishamba za unga, wa soko la Kibingo, ambaye alikuja kumpa pole na akaomba kuisoma.

Dafroza aliandika majina matatu, herufi moja baada ya nyingine. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa na aibu kufuatisha maneno kwa kidole.

Walimbakiza kwa chakula cha mchana. Benadeta alipakua ndizi na maharage. Byabato alichukua kipande chake cha kamongo aliyekaushwa kwa moshi, akaenda kukila uani kwenye sahani ya peke yake. Dafroza hakuuliza, maana jambo hilo lilijulikana. Kamongo ulikuwa muziro wa ukoo wa Benadeta, mwiko waliozaliwa nao, na yeye hakutaka hata harufu yake mezani.

"Miaka kumi na tisa ananifukuza na samaki wangu," alisema Byabato kutoka uani.

"Na bado unamnunua," alijibu mkewe. Lilikuwa neno la kwanza lenye uhai tangu asubuhi.

Alasiri Dafroza alipanda bodaboda mpaka kituo cha polisi Kayanga. Askari aliandika maelezo vizuri, akasema namba hiyo itafuatiliwa kwa kampuni ya simu kwa barua. Alipoulizwa itachukua muda gani, alisema wiki mbili, labda tatu. Dafroza alishukuru, akaondoka.

Jumanne saa tano asubuhi alikuwa Kibingo, upande wa Kyerwa, amechafuka vumbi mpaka kope. Cleophace alikuwa chini ya mwavuli wenye rangi nyingi, mbele yake makopo arobaini, na kipaza sauti kilichotaja magonjwa yote kuanzia mba mpaka saratani.

"Shikamoo mama," alisema, akipunguza sauti ya kipaza. "Umekuja kununua au kunihubiria?"

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza. Ukinijibu vizuri sitakuhubiria."

Alimwonyesha ujumbe wa Dkt. Rwezaura. Cleophace alivaa miwani, akausoma wote, na kadiri alivyosoma ndivyo uso wake ulivyoonyesha dharau ya fundi anayetazama kazi ya mtu asiyejua ufundi.

"Mama, ninajua unavyoniona. Lakini tazama hapa. Siku kumi na tatu huyu mtu anaandika, na hajauza hata kijiko. Hajataja unga, hajataja mafuta, hajataja namba ya kutuma chochote. Mimi nikiandika ujumbe, mwisho wake kuna bei. Huyu anataka nini?"

Dafroza alilitafakari swali hilo. Lilikuwa swali zuri, hata kama limetoka kwenye mdomo huo. Alimuuliza kwa nini aliomba kuisoma kadi. Cleophace alijikuna shingo, akakiri kwamba alitaka kujua jina la ugonjwa ili ampeleke kopo linalofaa. Benadeta alilikataa kopo. Yaliishia hapo.

"Ukitaka wa kumuuliza," aliongeza, akiinamia meza, "muulize mume. Jumatano ile, siku moja kabla ya dozi, Byabato alikuwa hapa hapa Kibingo asubuhi nzima. Nilimwona buchani, akimwambia muuza nyama autoe moyo kwenye mzani, maana wale wa ukoo wake hawauli, ni muziro wao. Kisha akaenda na kaka yake nyuma ya kile kibanda cha kuchapishia barua, wakanong'ona kama wezi. Mtu mwenye mgonjwa anakuja sokoni kunong'ona?"

Dafroza aliandika: Jumatano, Kibingo, asubuhi, kibanda. Ujumbe wa kusitisha dozi ulikuwa umetumwa saa tatu na dakika arobaini siku hiyo hiyo. Alipanda bodaboda kurudi na moyo mzito. Alikumbuka kwamba Byabato hakumpeleka mkewe Mwanza mara ya kwanza. Alisema kahawa imeiva.

Saa kumi na moja na nusu jioni aliketi kwenye dawati lake katika ukumbi wa usharika, pamoja na watu wazima wengine tisa. Mwalimu wao, Elipidius, kijana mpole aliyefundisha watoto mchana na wazazi wao jioni, wiki hiyo alikuwa anawafundisha kutafuta habari kwenye simu. Ubaoni alikuwa ameandika maswali manne: Nani ameandika? Lini? Anapatikana wapi ukimtafuta? Anataka nini kwako?

Somo lilipokwisha, Dafroza alimpa mwalimu simu ya Benadeta, aliyokuwa ameiazima, akaomba wampime huyo daktari kwa maswali hayo. La kwanza: jina tupu. La tatu: hapatikani, maana kila Benadeta alipompigia alikata na kuandika kwamba yuko na wagonjwa. Kisha wakafungua ukurasa ambao Renatha alikuwa amemtajia Dafroza kwenye simu, wa wauguzi wa wodi hiyo. Huu ulikuwa na majina ya wauguzi watatu, tarehe uliyopitiwa mara ya mwisho, na namba ile ile iliyochapwa kwenye kadi. Chini kulikuwa na kikundi cha wagonjwa wanaotiana moyo kwa simu, muuguzi akiwamo ndani kusahihisha yanayopotoka.

Chini zaidi kulikuwa na orodha ya vyakula.

"Mama, hii ndiyo hii," alisema Elipidius kwa mshangao. "Amenakili kila kitu. Hata hapa: kunywa maji hata kama husikii kiu. Orodha ni moja."

"Soma wewe upesi," alisema Dafroza. "Mimi nisome taratibu."

Aliweka simu mbili sambamba, ya Benadeta na ya mwalimu, kidole cha kushoto kwenye moja, cha kulia kwenye nyingine. Maharage, maharage. Karanga, karanga. Mayai yaliyoiva. Maziwa yaliyochemshwa. Maini kiasi au moyo wa ng'ombe. Samaki walioiva vizuri: sato, sato, dagaa, dagaa. Hapo vidole vyake viliachana. Ukurasa wa wauguzi ulisema sato, dagaa, kamongo na mumi. Daktari alisema sato, dagaa na mumi.

"Limeruka neno moja," alisema.

Elipidius alitazama, akasema labda ni makosa ya kunakili, mtu akiharakisha hukosea. Dafroza alikubali kwa kichwa. Lakini aliporudia orodha yote mpaka mwisho, maneno sabini na mawili, hakuona neno jingine lililokosekana, wala herufi. Aliyeandika hakuharakisha hata kidogo.

Kabla ya kuondoka aliona jambo jingine. Aliteremsha ujumbe wote kwa kidole, siku kwa siku. Kila siku Dkt. Rwezaura aliandika, isipokuwa siku mbili. Zote mbili zilikuwa Jumamosi.

Jumatano saa moja asubuhi alimkuta Byabato akitandaza kahawa. Walisalimiana. Dafroza hakuzunguka. Alimwambia kwamba alionekana Kibingo, siku na saa ambayo ujumbe ulitumwa, akinong'ona nyuma ya kibanda. Byabato aliacha kazi, akakaa chini kwenye kahawa yake mwenyewe.

Alisimulia akiitazama mikono yake. Mara ya kwanza alibaki kwa sababu ya kahawa, akamwachia shemeji yake mzigo wa kumpeleka mkewe. Benadeta alirudi siku hiyo hawezi kushuka garini. Tangu hapo hakulala vizuri. Jumatano ile alikwenda Kibingo kumwomba kaka yake aje akae Ihembe, aanike kahawa na kuangalia watoto, ili yeye mwenyewe aende Mwanza. Walinong'ona kwa sababu aliona haya. Kaka yake alimcheka kwamba mwanamume mzima anataka kwenda kumshika mke mkono hospitalini. Aliporudi jioni akaambiwa dozi imesitishwa.

"Nilifurahi, mama," alisema. "Nilidhani nimepewa muda. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Dafroza alifungua daftari lake. Kisha akamuuliza swali ambalo Byabato alilikumbuka kwa miaka: "Baba, nyumbani kwako mmewahi kupika moyo wa ng'ombe?"

"Haujawahi kuingia kwenye sufuria ya nyumba hii. Unajua hivyo."

"Ungeweza kumwandikia mkeo aule?"

Byabato alishangaa kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kuila Biblia. Dafroza akafunga daftari. Alikwenda tena kwenye migomba, akasimama hapo zaidi ya mara ya kwanza, maana sasa alikuwa amemjua aliyeandika ujumbe, na alitamani asingemjua. Kisha akapiga simu Nyakakika.

Sperancia alifika saa tisa alasiri na kibuyu cha maziwa na kikapu cha ndizi mbivu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwenye mwendo wa mtu aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na tangu mumewe Ambrose afe kwa saratani ya koo miaka miwili iliyopita alivaa nguo za rangi moja tu. Alimwamkia Dafroza, akamshika mdogo wake usoni kwa mikono miwili, akakaa karibu naye. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni kwa ajili ya wageni, na chumba kizima kilinukia.

Dafroza alisema wamekutana ili kumsaidia Benadeta kuamua. Ameleta orodha ya kweli ya wauguzi wa Mwanza, aliyoinakili kwenye daftari, na anataka kila mmoja amsomee mgonjwa, si kusoma tu, bali kumwambia ale nini, kama mtu anayemhudumia. Yeye mwenyewe atafuatisha kwa kidole kwenye simu ya mwalimu aliyoiazima.

Byabato alianza, kwa kujikwaa, akimtazama mkewe. Maharage utakula. Karanga utakula. Mayai. Maziwa. Maini kiasi. Hapo akasimama, akakohoa.

"Hiki kinachofuata kwetu hakipikwi. Nakiruka."

Akaendelea: sato, dagaa, kamongo na mumi. Benadeta aliguna aliposikia kamongo, na Byabato akatabasamu kidogo.

Zamu ya Sperancia ilifika. Alisoma vizuri, sauti yake tulivu ya ofisini, mkono mmoja gotini kwa mdogo wake. Bena, utakula maharage. Karanga. Mayai yaliyoiva, si mabichi. Maziwa kama haya niliyoleta. Maini kiasi, au moyo wa ng'ombe. Samaki walioiva vizuri, sato, dagaa, mumi. Mboga zilizooshwa.

Kidole cha Dafroza kilibaki palepale.

"Sperancia mwanangu," alisema, "umeruka neno."

"Nimeruka?"

"Umeruka neno lile lile aliloliruka daktari."

Nje kuku alitembea juu ya kahawa na hakuna aliyemfukuza.

Dafroza alieleza bila kupandisha sauti. Mwandishi wa ujumbe alinakili orodha neno kwa neno, akaacha samaki mmoja. Tapeli wa mbali asingemwacha, maana hajui muziro wa Benadeta, na tapeli wa karibu asingeandika siku kumi na tatu bila kuuza kitu. Byabato asingeuandika moyo wa ng'ombe, maana hauingii nyumbani mwake. Walikuwa wameona wenyewe ulimi wake ulivyokataa. Aliyeandika alikuwa mtu ambaye moyo wa ng'ombe kwake ni nyama tu, lakini kamongo hawezi kumwambia Benadeta amle, hata kwa uongo, hata kwa jina la mtu mwingine. Huyo ni mtu wa ukoo wake. Na aliyeishika kadi kwa watu wa ukoo wake ni mmoja. Ndiyo maana Jumamosi daktari hakuandika. Jumamosi alikuwa hapa, anamwogesha mgonjwa, anakiona kidonda cha mdomoni kwa macho yake.

Sperancia alifungua pochi, akatoa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaiweka juu ya nyasi.

"Ni laini ya Ambrose," alisema. "Ile ya pili. Sikuweza kuitupa."

"Dada," alisema Benadeta.

"Ambrose alipanda gari la Mwanza anatembea. Alibeba begi lake mwenyewe, na langu. Wakamweka kwenye kile kiti cha dripu. Mara mbili. Ya tatu hakuifikia." Sauti ya ofisini ilikuwa imekwisha. "Nilipokupeleka wewe, nilikaa kwenye benchi lile lile. Wakakuita. Ukaenda kukaa kwenye kiti kile kile, Bena. Kile cha dirishani. Nikasema huyu siwapi. Wamechukua mmoja, huyu siwapi."

Dafroza alimuuliza Ambrose aliumwa muda gani kabla ya kwenda Mwanza. Sperancia akasema miezi kumi na mmoja. Walikuwa wanatafuta kwenye simu. Kila ukurasa ulikuwa na watu waliopona, picha zao wanacheka. Waliagiza matone, waliagiza unga, walifunga kula chumvi. Ukurasa wa wauguzi walipewa walipofika hospitali, na muuguzi aliwaambia siku ile ile kwamba wamechelewa sana.

"Alikuambia kwamba dripu ndiyo itakayomuua?"

"Hapana." Alifuta uso kwa kiganja. "Alisema itampunguzia maumivu tu. Nilisikia. Nilisikia, lakini sikukubali kwamba ile miezi kumi na mmoja niliitumia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naisoma ile simu. Yeye alikuwa ananiuliza, Mama, wanasemaje leo?"

Benadeta alimtazama dada yake kwa macho makavu. "Ulitaka nife hapa nyumbani?"

"Nilitaka uishi. Kila nilichokuandikia ule kilikuwa cha kweli. Nilikuongopea jambo moja tu."

"Hilo moja ndilo lililokuwa dawa, dada."

Byabato alikuwa amesimama, ngumi zimekaza, na Dafroza aliomba kimyakimya asiseme neno ambalo nyumba hiyo ingeshindwa kulisahau. Hakusema. Alitoka nje akamfukuza kuku, akakaa huko.

Benadeta aliomba simu yake. Aliipiga mwenyewe namba iliyochapwa kwenye kadi. Renatha alipopokea, alimwambia kwamba ni mgonjwa wa Ihembe, na atakuja. Renatha alimuuliza kama angependa kuongea na mtu aliyepita njia hiyo, na baada ya muda mama mmoja wa Muleba, wa kile kikundi cha wagonjwa, alipiga. Aliongea naye karibu nusu saa. Wengine walisikia upande mmoja tu: ndiyo, hata mimi, kucha pia, na mwisho, jambo ambalo halikuwa limesikika humo kwa wiki tatu, Benadeta akacheka, kwa sababu yule mama alimwambia kwamba nywele zake zilirudi na mawimbi, na mumewe alidhani ameoa tena.

Alipokata simu, jua lilikuwa linapungua mlangoni.

"Kesho saa kumi na mbili," alimwambia dada yake. "Utakuja. Utakaa kwenye lile benchi. Mimi nitakaa kwenye kile kiti cha dirishani, na utanitazama mpaka chupa iishe, na utaniona nasimama."

"Sistahili kwenda nawe."

"Sikukuuliza kama unastahili."

Sperancia aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti ya mdogo wake. Kisha alimsukumia Dafroza simu iliyopasuka. Alisema akae nayo. Akirudi kutoka Mwanza atakwenda kituoni Kayanga kwa miguu yake na kuwaambia wasihangaike na barua kwa kampuni ya simu.

Alhamisi saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Dafroza aliwasindikiza kituoni Kayanga, katika baridi na ukungu. Byabato alipanda kwanza na begi, kaka yake akiwa amebaki Ihembe na kahawa. Yeye na shemeji yake hawakuwa wameongea tangu jana, lakini alimshikia mlango. Benadeta aliketi katikati yao.

Siku iliyofuata Dafroza alipalilia migomba na simu ya Ambrose ikiwa mfukoni mwa gauni. Aliomba saa nne, akaomba saa sita. Saa tisa na robo alasiri simu ilitetemeka. Alikaa kwenye kisiki, akavaa miwani. Ujumbe ulikuwa wa Benadeta, umeandikwa kwa Dkt. Rwezaura.

Dafroza alianza kusoma kwa kidole, neno baada ya neno, bila kuruka hata moja.

"Daktari, chupa imeisha. Nimesimama. Dada ameona, analia mpaka wauguzi wamempa kiti. Mchana tumeletewa samaki. Alikuwa kamongo. Tumemwachia Byabato."